Mashujaa wa filamu na watoto wa Kiislamu: wanabishana nini, na mzazi ajue nini



Likizo za skuli zikiingia, wazazi wengi visiwani hukutana na jambo lile lile. Watoto wamerudi chuoni, wameshakula, wamekaa barazani na simu moja mikononi mwa watu watano, na ubishi umewaka. Nani ana nguvu zaidi, nani alikufa kweli na nani atarudi, kwa nini yule wa kwenye filamu si sawa na yule wa kwenye kitabu. Majina yanayotajwa mzazi hayajui: Thor, Batman, Kamala Khan. Akiuliza hujibiwa kwa mkato kama mgeni aliyefika harusini wageni wanaondoka. Basi mzazi mmoja huinyang'anya simu, mwengine hujiambia kuwa ni utoto tu utapita, na wote wawili wanakuwa hawajajua kilichokuwa kinabishaniwa.

Kinachobishaniwa mara nyingi ni kizito kuliko kinavyosikika. Katika miaka ya karibuni hoja kubwa za washabiki wa filamu hizi zimegusa moja kwa moja mambo yetu: Asmaul Husna, majini, hijabu, msikiti, na suala la nani aitwe mungu. Makala hii inaeleza visa viwili ambavyo Waislamu wenyewe walikuwa katikati yake, kimoja cha Kuwait na kimoja cha Marekani, kisha itajibu maswali ambayo mtoto huuliza.

Kwanza tuelewe mshabiki ni mtu gani. Superman alitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, katika kitabu cha katuni cha bei rahisi. Tangu hapo visa hivi havijasita. Mwandishi mmoja huondoka akaja mwengine, lakini shujaa ni yule yule. Kwa hiyo msomaji aliyemfuata shujaa kwa miaka ishirini anaona ana haki juu yake kuliko mwandishi aliyeajiriwa mwaka jana. Ukimbadilishia asili yake, nguo yake au nguvu zake, unamgusa mtu kitu chake. Na washabiki hawa wana sauti. Tamthilia ya Game of Thrones ilipomalizika mwaka 2019, zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini ombi la kutaka msimu wa mwisho uandikwe upya. Haukuandikwa. Lakini washabiki wa Justice League walipiga kelele miaka mitatu wakitaka filamu hiyo itolewe kama alivyoikusudia mwongozaji wa kwanza, Zack Snyder, na mwaka 2021 studio ikaitoa. Kelele za watazamaji, basi, zinaweza kuhamisha fedha nyingi, na studio huzisikiliza. Hilo lina maana kwetu, kwa sababu Waislamu nao ni watazamaji.

Sasa tuje Kuwait.

Dk. Naif Al-Mutawa ni mtaalamu wa saikolojia, baba wa watoto watano wa kiume. Mwaka 2003 lilimjia wazo la kuwatungia watoto wa Kiislamu mashujaa wao, na mwaka 2006 vitabu vikaanza kutoka kwa Kiarabu na Kiingereza. Aliviita The 99, yaani Tisini na Tisa. Kisa chake kinaanzia Baghdad mwaka 1258, Wamongolia walipoingia mjini na vitabu vikatupwa mtoni. Katika hadithi yake, watunzaji wa maktaba waliiwahi elimu ile kabla haijapotea, wakaihifadhi ndani ya vito tisini na tisa, vito vikatolewa mjini kwa siri, vikafika Andalusia, kisha vikatawanyika duniani. Karne nyingi baadaye vijana wa nchi mbalimbali wanaviokota, na kila kito kinampa mwenyewe sifa moja. Jabbar wa Saudia ana nguvu za mwili. Noora wa Emirates anaiona nuru na giza ndani ya nafsi za watu. Sami wa Sudan ana usikivu usio wa kawaida. Batina wa Yemen, avaaye nguo ya kumfunika mwili wote, anaweza kujificha asionekane. Wanafanya kazi watatu watatu, na mwandishi mwenyewe amewahi kueleza sababu mojawapo: ili asibaki kijana wa kiume na wa kike peke yao.

Ndugu msomaji ataona kuwa mtu huyu hakukaa akatunga kwa kejeli. Alikusudia mema, na aliyafikiria mambo ambayo mwandishi wa New York asingeyafikiria. Ndani ya kurasa hakuna aya wala hadithi, hakuna anayehubiri, na mashujaa wa kike baadhi wana hijabu na baadhi hawana. Benki moja ya Kiislamu ya Bahrain, yenye bodi yake ya sharia, iliingiza fedha katika mradi. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani inayommiliki Superman ilikubali mashujaa wake wakutane na wa Kuwait katika kisa kimoja, na Rais Obama akamtaja Al-Mutawa kwa sifa katika hotuba yake. Ikatengenezwa pia katuni ya televisheni.

Kisha moto ukaja kutoka pande mbili kwa pamoja. Marekani, watu wenye chuki na Uislamu walisema katuni ile ni njama ya kuwaingizia watoto wao sharia, na kituo cha televisheni kilichokuwa kimetangaza kuionyesha kikaahirisha. Saudia, mwaka 2014, kamati ya fatwa iliyoongozwa na Mufti Mkuu Sheikh Abdulaziz Al ash-Sheikh ilitoa tamko zito la kuikataza. Kitabu kimoja kikawa Uislamu umezidi kwa hawa, na kufuru kwa wale. Al-Mutawa alishambuliwa kwa maneno makali na kutishwa, na hilo halikuwa haki, maana kosa la kalamu hujibiwa kwa hoja.

Lakini hoja ya maulamaa ilikuwa ipi? Hapa washabiki wengi wa mitandaoni, hasa wasio Waislamu, waliipita haraka wakasema ni watu wasiopenda katuni. Si hivyo. Hoja ni ya aqida, na mtoto wa chuoni anaweza kuifahamu. Majina ya Allah Subhanahu wa Taala yana ukamilifu usio na mshirika. Tukisema Al-Jabbar, Ar-Raqib, As-Samii, tunamkusudia Yeye peke Yake. Ukichukua majina hayo ukayagawa kwa vijana tisini na tisa, kila mmoja na lake, kisha ukasema wakikutana wote nguvu zinatimia, umechora picha ambayo mtoto mdogo anaweza kuielewa vibaya sana: kwamba sifa za Mola ni vipande, na vipande hivyo vikikusanywa mikononi mwa wanadamu vinafanya kitu kizima. Mwandishi hakusema hivyo. Lakini picha huzungumza bila ya mwenye kuichora kuwepo, na idadi ya tisini na tisa haikuchaguliwa kwa bahati.

Upande wa pili nao wana hoja yao, na tusiifiche. Wanasema baadhi ya sifa mwanadamu ameamrishwa ajipambe nazo kwa kiasi chake. Ukarimu, huruma, subira, hekima. Visiwani kwetu tuna akina Karim, Latifa, Rashid na Hakim katika kila mtaa, na hakuna anayedhani Karim wa duka la nazi anashindana na Al-Karim. Qur'ani yenyewe imemsifu Mtume (S.A.W.) kwa upole na huruma kwa maneno ambayo mzizi wake ni ule ule wa majina ya Mola wake. Kwa mtazamo huu, kuondoa "Al" mbele ya jina kunalirudisha jina katika kipimo cha mja.

Maoni ya mwandishi wa makala hii ni kwamba tofauti ipo kati ya mtu kuitwa Karim na mtu kupewa nguvu ya ajabu kwa jina la Jabbar. Karim wa dukani anatoa anachotoa kwa mkono wake. Jabbar wa katuni anavunja kuta. Katika la kwanza jina ni dua ya wazazi. Katika la pili jina limekuwa chanzo cha uwezo, na hapo ndipo mtoto anapoweza kuteleza. Mwenye kuona vyengine asilaumiwe, maana hata bodi za sharia hazikuona sawa. Toleo la mwisho la kitabu lilitoka mwaka 2013. Kwa bahati mbaya, pamoja na kosa lake, liliondoka na jambo jema ambalo hakuna aliyelirudisha tangu hapo: mtoto anayesoma katuni akajua kwamba Baghdad ilikuwa mji wa vitabu.

Kisa cha pili kilianzia New Jersey. Kampuni ya Marvel ilikuwa na mhariri Mwislamu, Sana Amanat, binti wa wazazi waliotoka Pakistan. Yeye na mhariri mwenzake Stephen Wacker, pamoja na mwandishi G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu, walimtunga msichana wa miaka kumi na sita aitwaye Kamala Khan. Mchoraji alikuwa Adrian Alphona. Kitabu chake, Ms. Marvel, kilianza Februari 2014, na mwaka 2015 kikapata tuzo ya Hugo.

Kamala anaishi Jersey City na baba, mama na kaka yake Aamir, kijana wa swala na kanzu. Yeye mwenyewe ni mshabiki. Kutwa anaandika visa kuhusu mashujaa anaowapenda. Usiku mmoja anatoroka nyumbani kwenda kwenye sherehe aliyokatazwa, wenzake wanampa kinywaji kilichotiwa pombe bila kumwambia, anakitema. Njiani anaingia katika ukungu wa ajabu, na akitoka ana uwezo wa kubadilisha umbo lake. Na jambo la kwanza analofanya ni kujigeuza akawa mwanamke wa kizungu mwenye nywele za dhahabu, shujaa wake wa siku zote, kwa sababu ndivyo alivyodhani shujaa anapaswa kuonekana. Nguo zinambana, nywele zinamwingia machoni, hajisikii yeye. Kisa chote kinachofuata ni cha msichana kujifunza kuokoa watu akiwa na sura yake mwenyewe.

Tusimame kidogo hapa, kwa sababu ndipo ubora wa kitabu ulipo. Wazazi wake wanamkataza mambo na wanampenda, na mwandishi haoni mgongano kati ya hayo mawili. Aamir ni mcha Mungu, na katika vitabu vya Kimarekani mtu kama huyo tulishazoea aishie kuwa gaidi. Hapa ni kaka tu, anayechosha kidogo na kusaidia sana. Wazazi wanapompeleka Kamala kwa Sheikh Abdullah wa msikitini akemewe, sheikh anamsikiliza, na badala ya kumkemea anamtaka, ikiwa ana jambo ameazimia, alifanye kwa ujasiri, ukweli, huruma na kujiheshimu. Walimu wetu wa chuo wangeweza kuusoma ukurasa ule bila ya kuchukia.

Washabiki Waislamu waligawanyika hata hivyo. Waliofurahi walisema: kwa mara ya kwanza mtoto wetu anamwona mtu anayejizuia na nguruwe, anayesema Bismillahi, anayemwita baba yake Abu, na ndiye mwokozi wa hadithi. Mwaka 2015 mabango ya kuukashifu Uislamu yalipobandikwa kwenye mabasi ya San Francisco, watu wasiojulikana waliyafunika kwa picha za Kamala. Waliolalamika walisema: hana hijabu, anatoka usiku, rafiki yake wa karibu ni mvulana, anawadanganya wazazi. Wakauliza kwa nini kila Mwislamu anayekubalika katika vitabu vya Magharibi lazima awe na mguu mmoja nje ya mlango. Majibu ya wengine yalikuwa kwamba aliyevaa hijabu yupo kwenye kitabu hicho hicho, rafiki yake Nakia, aliyeamua kuivaa bila ya kulazimishwa na mtu. Na shujaa aliyejifunika kabisa Marvel walishamtoa tangu mwaka 2002, Sooraya Qadir wa Afghanistan, lakini wachoraji walimchorea buibui lililombana mwili kama ngozi ya pili, jambo ambalo wanawake wetu wangelicheka kama lisingeudhi.

Juni 2022 Kamala akaja kwenye skrini, vipindi sita vya Disney+, akichezwa na Iman Vellani, msichana aliyezaliwa Karachi na kukulia Canada. Pakistan huduma ile ilikuwa haijafika, basi vipindi vikapelekwa kwenye majumba ya sinema. Wakosoaji waliisifu sana. Baadhi ya watu waliipa nyota moja mtandaoni, na walikuwa wengi kiasi cha kuonekana wazi kuwa hawakuwa wakihukumu uigizaji. Hao tuwaache. Kuna hoja mbili za washabiki wa kweli ambazo zinastahili kusikilizwa.

Ya kwanza ni nguvu zake. Kwenye kitabu mwili wake unarefuka, unakua, unabadilika. Kwenye tamthilia anavaa bangili ya zamani ya familia, na bangili inamtolea mwanga mgumu kama jiwe, anaukanyaga na kuutupia. Mtazamaji mgeni atasema tofauti ni nini. Washabiki wakajibu: msichana aliyetamani kuwa na sura ya mtu mwengine alipewa uwezo wa kuipata, kisha akaikataa, mwanga wa bangili unaweza kuvaliwa na yeyote. Ni hoja nzuri, na sijaona iliyoijibu vizuri. Waliotetea walisema bangili imemuunganisha na mama wa bibi yake, aitwaye Aisha, na usiku wa 1947 Uhindi ilipogawanywa na Pakistan ikazaliwa, watu wakijazana kwenye treni ya mwisho kwenda Karachi. Kweli sehemu ile ya treni ina uzito. Watoto wengi walilisikia jambo hilo la kihistoria kwa mara ya kwanza pale, na familia za asili ya Kihindi na Kipakistani duniani kote zilijikuta zikielezana habari ambazo wazee walikuwa hawajazitoa.

Ya pili ni majini, na hii inatuhusu watu wa visiwani kuliko wengi. Katika kipindi cha tatu Kamala anaambiwa kwamba mama wa bibi yake alitoka katika kundi la viumbe wa ulimwengu mwengine uitwao Noor, na kwamba watu huwaita majini. Kiongozi wao, Najma, anasema jina hilo halipendi, lakini limeshasemwa, na Kamala analibeba kwa hofu vipindi vinavyofuata. Waislamu wengi waliotazama walichukia. Hadithi nyengine za Marvel, walisema, mtu akipata nguvu ni kwa sayansi au ajali. Kwa nini msichana Mwislamu pekee ndiye aletewe majini, kama vile Waislamu wote wametoka katika taa ya Aladdin? Na ukiitazama kwa elimu ya chuoni, mambo yamechanganywa. Mtoto wa darasa la awali anajua malaika wameumbwa kwa nuru na majini kwa moto, na hapa majini wametoka kwenye nchi ya nuru. Anajua majini wapo waumini na wapo makafiri, wana hesabu yao siku ya Kiyama, wala si mababu wa mtu.

Mwisho wa tamthilia waandishi wenyewe waligeuza, wakasema nguvu za Kamala zina asili katika damu yake tangu kuzaliwa, na habari ya majini ikaachwa kando. Lakini picha ilishaingia. Mzazi wa Pemba au wa Unguja ambaye kwake habari za majini ni jambo la kweli, lenye hofu zake na waganga wake wa uongo, ana haki ya kulikalisha hili chini na mtoto. Aseme wazi kuwa majini wapo, kwamba Sura nzima imeitwa kwa jina lao, na kwamba yaliyomo kwenye tamthilia ile ni ya kubuni na yamekosewa. Mtoto akitishwa tu bila kuelezwa, atabaki na majini wawili, wa kwenye filamu na wa kwenye hofu ya mama yake, na hatajua yupi ni yupi.

Yapo mengine ya tamthilia hiyo yanayoweza kuleta kicheko nyumbani. Nakia anaibiwa viatu msikitini. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuswali Ijumaa mjini na kurudi pekupeku. Upande wa wanawake wa msikiti ule umechakaa na sauti ya sheikh haisikiki, basi Nakia anagombea kuingia kwenye bodi ya msikiti. Wapo waliosema ni kutangaza aibu zetu mbele ya watu. Mimi naona ni kero ambayo mama zetu wanaijua vyema, na imesemwa kwa adabu.

Kamala hakuishia hapo. Mwaka 2023 Marvel walimuua katika kitabu cha Spider-Man, shujaa mwengine kabisa, na washabiki wakaja juu kwamba msichana yule ameuawa ili mvulana apate huzuni. Miezi michache baadaye alirudishwa, na mmoja wa walioandika kitabu chake kipya alikuwa Iman Vellani mwenyewe, mshabiki aliyekuwa mwigizaji na sasa mwandishi. Filamu yake ya sinema, The Marvels, ya Novemba 2023, ilipata takriban dola milioni 206 duniani kote, chini kuliko filamu yoyote ya Marvel katika mfululizo huo. Wengine wakasema ni ushahidi kwamba watu hawataki mashujaa wa namna hii. Filamu zilizowahusu wanaume zilikuwa nazo zimeanza kuchosha mwaka ule, na hilo waliosema hivyo hawakulitaja.

Sasa maswali ya watoto.

Linaloulizwa zaidi ni Thor. Mtoto anasikia anaitwa mungu wa radi. Thor ni jina kutoka ibada za kale za watu wa Ulaya ya Kaskazini kabla ya Ukristo, kama Waarabu walivyokuwa na Hubal na Al-Uzza. Marvel walilichukua wakamfanya shujaa mwenye nyundo. Moon Knight ya mwaka 2022 ni nzito zaidi, kwa sababu humo shujaa ni mtumishi wa Khonshu, mungu wa mwezi wa Misri ya kale, anamtii, anazungumza naye, na nguvu zake zimetoka kwake. Mwongozaji mkuu wa tamthilia hiyo ni Mmisri, Mohamed Diab, na Wamisri walimshukuru kwa kuuonyesha mji wa Cairo ukiwa na watu, magari na muziki, badala ya jangwa na ngamia tu. Shukrani hiyo ni ya haki. Lakini mtoto ambaye hajakaa vizuri na tauhidi hana haja ya kuitazama, na aliyekaa vizuri aitazame na mkubwa wake pembeni. Kumwita kiumbe mungu kwa kusimulia imani za watu wa kale si sawa na kumwamini. Hata vitabu vyetu vya sira vinataja masanamu kwa majina. Tatizo ni moyo wa mtoto ukizoea neno likapoteza uzito wake.

Swali jengine: je, kubuni viumbe visivyokuwepo ni haramu kwa asili yake? Hapa wanavyuoni wana maneno mengi kuhusu picha na sanamu, na si mahali pake leo. Ila inafaa kukumbuka riwaya iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaona wanasesere wa Bi Aisha (R.A.) na miongoni mwao farasi wa matambara mwenye mabawa mawili. Akauliza farasi ana mabawa? Bi Aisha akamjibu kwa habari za farasi wa Nabii Sulaiman, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Wanavyuoni wengi wameitumia riwaya hiyo kuonyesha wepesi katika michezo ya watoto. Farasi mwenye mabawa alikuwemo nyumbani kwa Mtume, na hakutolewa nje.

Wapo pia wanaouliza kama hakuna cha kwetu. Kipo kidogo. Filamu ya Kenya Supa Modo ya mwaka 2018 inamhusu msichana Jo, mgonjwa wa ugonjwa usiopona, anayeota kuwa shujaa, na kijiji kizima kinashirikiana kumfanya aamini kuwa ana nguvu. Si filamu ya kidini na ina majonzi, mtoto mdogo atalia. Mzazi naye atalia.

Kuna jambo la mwisho ambalo wazazi hawaambiwi, na ni la kuangalia leo leo kwenye simu ya nyumbani. Si kila mwenye joho na nembo kifuani ni wa watoto. The Boys, iliyoanza mwaka 2019, ina mashujaa wanaofanana kwa mavazi na wale wa watoto, lakini ndani yake ni uchi, matusi na damu. Imetengenezwa makusudi kwa watu wazima. Invincible ya mwaka 2021 ni hatari zaidi kwa kuwa ni katuni ya rangi nzuri, na kipindi cha kwanza kinakwenda kwa upole karibu mpaka mwisho, ndipo mauaji yanapoanza. Mzazi aliyetazama dakika kumi za mwanzo akaridhika na kwenda jikoni hatajua. Huduma nyingi za filamu huandika umri wa mtazamaji pembeni ya jina: 16 au 18 ikionekana, imekusudiwa hivyo kweli. Akaunti nyingi zina sehemu ya watoto yenye nambari ya siri. Ikiwa mtoto ndiye aliyekuwekea nambari hiyo, ibadilishe.